Marcelė Ajifunza Kula Beri Zake

Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2019. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, na majani ya uani yalikuwa yameganda kwa baridi ya kwanza ya msimu. Upepo haukuwapo. Moshi wa majiko ya kijiji cha Paraistė ulipanda wima ukapotelea juu ya misonobari.

Marcelė Tamulevičienė, mjane wa miaka sabini na sita, alisimama barazani kwake amevaa gambuti na skafu ya sufu, ndoo mbili za plastiki mkononi. Mfukoni alikuwa na kisu, kipande cha mkate mweusi, saa ya marehemu mumewe na simu ndogo aliyonunuliwa na binti yake. Alivihesabu vitu vyake kwa sauti, kisha akavihesabu tena, maana hakuwa na hakika kama ameshavihesabu.

Saa nane mchana binti yake, Vilija, angefika kutoka Vilnius, mji mkuu. Na Vilija alikuwa ameshasema bila kuzunguka: mama akipotea tena, au akiacha jiko linawaka tena, nyumba itafungwa kabla ya theluji, na mama atahamia kwake, ghorofa ya nne, katika chumba kinachotazama maegesho ya magari. Kwa hiyo Marcelė alitaka binti yake akute mezani ndoo mbili zimejaa beri nyekundu za kinamasini. Mtu anayeweza kwenda kinamasini na kurudi peke yake, alijiambia, hawezi kuambiwa hajui njia ya kwenda chooni.

Mambo yalianza mwezi wa Mei. Supu ilitiwa chumvi mara mbili. Sufuria ya viazi ikaungua mpaka kitako kikawa cheusi. Vilija akaitwa kwa jina la shangazi yake aliyekwisha kufa. Haya yote yangeweza kupita, kwani ni nani asiyeunguza viazi? Lakini tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Marcelė alishuka basi kituo kimoja kabla ya kwake, akatembea katika kijiji anachokifahamu tangu utotoni, akauliza nyumba yake iko wapi. Alimuuliza mtu aliyecheza kwenye harusi yake.

Vilija akampeleka kliniki mjini. Daktari alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi, mwenye subira. Alimwambia achore uso wa saa, akamtajia maneno matano ayashike kichwani: daraja, sindano, ngano, mbwa, dirisha. Saa ilichorwa, ingawa namba zilibanana upande mmoja kama kondoo wakati wa mvua. Ya maneno, baada ya dakika tano, alibaki na mbwa na dirisha.

"Mama, huwa unakula nini?" daktari aliuliza.

"Kilichopo."

"Kilichopo ni kipi?"

"Viazi. Mafuta ya nguruwe. Mkate. Uyoga wakati wake."

"Na beri? Si unakaa msituni?"

"Beri nachuma, daktari."

"Sijauliza kuchuma. Nauliza kula."

Marcelė alimtazama kana kwamba ameulizwa kama huwa anakula mapazia.

Vilija, aliyekaa pembeni, alielewa, maana naye alilelewa katika nyumba ileile. Katika vijiji vile beri haziliwi. Zinachumwa, zinapelekwa kwa mnunuzi anayekuja na gari lake la mizani, na kutokana nazo hupatikana viatu, vitabu vya shule na kuni. Marcelė alipokuwa mdogo mama yake alisimama mlangoni kila jioni ya Julai na kuwaambia watoto wakirudi: "Toeni ndimi!" Mwenye ulimi wa buluu alikula kofi. Hivyo Marcelė alijifunza kuchuma amefumba mdomo, na mpaka uzee wake aliweza kukaa katika beri tangu alfajiri hadi adhuhuri bila hata moja kupita meno yake. Zilizopondeka zilipikwa jemu, nayo jemu ilikuwa ya wageni na wagonjwa.

"Sikudanganyi kwamba beri ni dawa," daktari alisema. "Kilichopotea hazikirudishi. Ila watafiti wameona kwamba watu wanaokula beri za rangi nzito mara kwa mara, akili zao huelekea kuchoka polepole kuliko za wengine. Kwa kiasi gani, hakuna anayejua kwa hakika. Kwako hazina madhara. Bakuli dogo kila siku. Na samaki, na mboga, na usingizi, na kutembea, na kuongea na watu. Unaongea na nani?"

"Na kuku."

"Wanajibu?"

"Kuliko jirani yangu."

Kipimo cha damu kilionyesha pia kwamba vitamini B12 imempungukia sana, basi akaanza kuchomwa sindano kila Jumatano na nesi wa kijiji. Daktari akasema arudi Oktoba. Njiani kurudi, Vilija aliingia duka la dawa akatoka na chupa yenye picha ya ubongo unaong'aa. Marcelė alivaa miwani, akasoma pole pole.

"Unga wa beri za msituni," alisoma. "Mwanangu, hizi ni zangu. Nimemuuzia mnunuzi Julai, zikaenda zikasagwa, zikatiwa kwenye vidonge, na wewe umezirudisha nyumbani."

Vilija alicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Kisha akauliza, "Sasa mbona huzili kabla hazijasagwa?"

Marcelė alivua miwani. Kesho yake alitoa kwenye friza beri za buluu alizokuwa akimwekea mnunuzi wa majira ya baridi, akajaza bakuli la chai, akachanganya na uji wa ngano nyeusi. Kabla ya kuanza kula alishusha pazia la dirisha la jikoni. Siku ya kwanza alihisi kama ameiba. Siku ya tano alisahau kushusha pazia, na hilo halikuwa kosa la ubongo.

Aliyemwona kupitia dirisha lile alikuwa Zosė Grigienė, mjane mwenzake wa miaka sabini na moja, wa ng'ambo ya ua. Zosė aliolewa Paraistė mwaka 1982, na tangu mwaka huo yeye na Marcelė walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Ugomvi haukuwa wa mume wala wa mpaka. Ulikuwa wa beri.

Watu wa huko hukuambia mshahara wao, maradhi yao, hata dhambi zao. Mahali wanapochuma beri hawakuambii. Marcelė alipata pake kinamasini kutoka kwa mama mkwe wake, ambaye alimnong'oneza njia mara moja tu, akiwa kitandani, wiki mbili kabla ya kufa, baada ya kumfukuza mwanawe chumbani. Njia hiyo haikuwa na alama. Ilikaa kichwani. Na kwa kuwa Zosė alikuwa na miguu myepesi na tabia ya kuokota uyoga hatua hamsini nyuma ya Marcelė, Marcelė alitengeneza njia ya pili, ya uongo. Alichana shuka kuukuu akafunga vitambaa vyeupe kwenye misonobari, kuanzia pale njia inapogawanyika hadi kwenye tope tupu lisilo na hata beri moja. Kila mwaka alibadilisha vitambaa vilivyochakaa, vionekane vya mtu anayevitegemea.

Zosė alivifuata mara moja, mwaka 1988. Alirudi jioni na ndoo tupu, gambuti zimejaa maji, na hakumsalimia Marcelė mpaka Kwaresima.

Asubuhi hii ya Septemba Marcelė alipita nyuma ya nyumba ya Zosė bila kutazama dirishani, akaingia msituni. Ukungu ulikuwa umekaa chini, hadi kiunoni. Alitembea vizuri. Alijisikia vizuri pia. Sindano zilikuwa zimempunguzia ule uzito wa miguu, na usiku alikuwa amelala bila kuamka. Alikumbuka yale maneno matano ya daktari, yote, akayasema kwa sauti akipiga hatua: daraja, sindano, ngano, mbwa, dirisha. Akayarudia kinyumenyume. Alifurahi mno, na pengine furaha hiyo ndiyo iliyomponza, kwa kuwa alifika mahali njia inapogawanyika mawazo yake yakiwa bado kwenye ngano na mbwa.

Mbele yake kulikuwa na msonobari uliopasuliwa na radi. Kulia kwake, juu ya tawi, kulikuwa na kitambaa cheupe.

Alikitambua papo hapo. Alilitambua fundo, fundo lake mwenyewe, mara mbili na kuvuta. Hiki nimekifunga mimi, aliwaza, na moyo ukatulia kama wa mtu aliyeona taa ya nyumbani. Akageuka kulia.

Vitambaa vilifuatana vizuri, kimoja baada ya kingine. Ardhi ililainika, kuvumwani, uoto laini kama godoro, ikaanza kuzama chini ya buti, misonobari ikawa mifupi, kisha ikawa vijiti. Kitambaa cha mwisho kilikuwa kwenye mti mkavu. Marcelė alisimama akatazama chini. Hakukuwa na beri. Kulikuwa na maji meusi na nyasi za kijivu. Alipiga hatua nyingine mbili kutafuta, mguu wa kushoto ukazama hadi gotini, na alipouvuta, gambuti ilibaki.

Alishika mti mkavu, akaiopoa buti kwa mikono miwili, akakaa juu ya kichuguu cha nyasi na soksi yake ikidondosha maji. Polepole, kama mtu anayesoma barua kwa lugha aliyoisahau, akaelewa alipo.

"Marcelė!"

Hakugeuka. "Nani?"

"Nani mwingine? Shetani wa kinamasi havai skafu ya maua."

Zosė alikuwa amesimama kwenye ardhi ngumu, karibu na kitambaa cha tatu kutoka mwisho, ameshika fimbo na kikapu cha uyoga kisicho na uyoga.

"Umenifuata," Marcelė alisema.

"Nimekufuata. Nakufuata tangu mwaka wa themanini na mbili, leo ndiyo unashangaa?" Zosė alinyoosha fimbo juu. "Bibi wee, vitambaa hivi si vyako?"

"Ni vyangu."

"Si ndivyo vilivyonileta mimi hapahapa nikarudi na baridi yabisi?"

"Ndivyo."

"Na leo vimemleta nani?"

Marcelė alikamua soksi. Ilimchukua muda. "Nilikumbuka kwamba ni vyangu, Zosė," alisema. "Nikasahau kwamba ni vya uongo."

Zosė alikuwa amesubiri miaka thelathini na moja kucheka kicheko hiki. Alifungua mdomo akakianza, kikatoka kifupi, kikamkatikia. Alimtazama mwanamke yule aliyekaa majini bila buti moja, midomo imemgeuka rangi kwa baridi.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema, lakini kwa sauti ndogo. Akaja pole pole akipima tope, akamnyooshea ncha ya fimbo. "Shika. Usiivute kwa ghadhabu, tutaanguka wote, na kuku wako watakosa wa kuongea naye."

Walirudi kwenye ardhi kavu. Zosė alivua soksi zake za juu, kwani alivaa mbili mbili, akampa moja. Saa ya marehemu ilionyesha saa tano na robo.

"Utamwambia Vilija," Marcelė alisema.

"Ameniomba nimwambie. Alinipigia jana."

"Kwa hiyo wewe ni askari wangu."

"Askari wanavaa vizuri kuliko mimi. Vaa buti."

Marcelė alivaa. Ghorofa ya nne ilimjia waziwazi: lifti, mlango wa chuma, magari chini yamejipanga, na yeye dirishani hana hata kuku. Alijua kitu kimoja tu ambacho Zosė angekubali kukipokea, na hakikuwa fedha.

"Nikikuonyesha pangu," alisema, "utanyamaza?"

Zosė aliokota jani la msonobari lililonasa kwenye mkono wa koti lake, akalitupa, akaokota jingine.

"Hapana," Zosė alisema.

"Hapana?"

"Usidhani sitaki! Mungu ananiona, nimepaota. Lakini nikinyamaza leo, mwezi wa kumi na moja nitakuja kukutafuta kwenye theluji na tochi. Na nikikukosa? Nile beri zako na uchungu huo? Mficha uchi hazai, Marcelė. Mwambie mwanao mwenyewe, kabla sijamwambia mimi. Wewe utamweleza vizuri. Mimi nitatia chumvi."

"Mara mbili," Marcelė alisema, na kwa mshangao wake mwenyewe akacheka.

Ukungu ulikuwa unapanda, na jua dogo la manjano lilianza kuonekana juu ya vijiti vya misonobari. Marcelė alikuwa anafikiria kitanda cha mama mkwe wake, na kinywa cha yule mzee karibu na sikio lake. Yule alikuwa na wiki mbili na kichwa kizima. Yeye alikuwa na kichwa kinachovuja kama ndoo ya zamani, na hakuna aliyejua kitakuwa kimebakiza nini mwakani. Kikivuja chote, mahali pale pangekuwa pamekufa kabla yake.

"Basi nitakuonyesha bure," alisema. "Na Vilija nitamwambia mwenyewe. Inuka."

"Sasa?"

"Unataka nikutumie barua?"

Walirudi hadi kwenye msonobari uliopasuka. Marcelė aliupa mgongo, akafumba macho, akaanza kusema kama alivyoambiwa. "Upe kisogo mti wa radi. Tembea mpaka uusikie mto, lakini usiuone. Hapo geukia upande wa mkono unaoshika mkate. Kisha..." Akafumbua macho. "Kisha..."

Neno halikuja. Alilisubiri. Akageuka huku, akageuka kule, ndoo zikigongana.

"Usilikimbize," Zosė alisema. "Paka akikimbizwa hupanda mti. Twende mpaka hapo unapopajua."

Walitembea hadi wakausikia mto. Marcelė aligeukia kushoto, mkono unaoshika mkate wakati wa kulia unakata. Hapo alisimama, akaangalia miguu yake, kisha akaiacha iende. Ilienda. Ilipanda kilima kidogo cha mchanga, ikazunguka mti ulioanguka kwa upande wa mizizi na si wa matawi, na alipogusa mizizi ile kwa kiganja neno likatoka lenyewe: "Kisha umsalimie aliyelala, uingilie miguuni pake."

Nyuma ya miti midogo kulikuwa na uwazi usiozidi uwanja wa kanisa. Kuvumwani ilikuwa imejaa beri nyekundu, nyingine zimekaa mbili mbili, nyingine zimetawanyika kama shanga zilizokatika uzi.

Zosė aliweka kikapu chini, akajiweka na yeye. "Miaka yote hii," alisema, "nilikuwa nachuma kule nyuma ya ile miti ya magome meupe. Hatua mia mbili! Nilikuwa nakusikia unakohoa!"

"Nami nilikusikia unaimba. Unaimba vibaya."

Wakachuma. Zosė alichuma kwa kasi, mikono miwili, kama mtu anayelipiza kisasi. Marcelė alichuma kwa utaratibu wake wa siku zote, mraba kwa mraba. Baada ya nusu saa alichukua beri nne kutoka kwenye ndoo, akazitia mdomoni, akazitafuna. Uchachu ulimkunja uso.

Zosė alisimamisha mikono. "Dirishani nilikuona. Kumbe hata za ndooni unakula?"

"Ni amri ya daktari. Kwa ajili ya kichwa."

"Na zinafanya kazi?"

"Leo umeona mwenyewe zinavyofanya kazi."

Zosė alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akatazama huku na huku, ingawa kwa kilomita nyingi hapakuwa na mtu, akachukua konzi moja, akajaza mdomo. "Mama yangu angeniua," alisema huku amefumba jicho moja kwa ukali wa uchachu. "Toa ulimi, wee! Toa tuone!"

Marcelė alitoa ulimi. Zosė naye akatoa wake. Vikongwe wawili walikaa kwenye kuvumwani wakikaguana, kisha wakala tena, mpaka mkate mweusi nao ukaisha.

Walifika kijijini saa tisa kasorobo. Gari la Vilija lilikuwa mbele ya lango, mlango wake umeachwa wazi. Vilija mwenyewe alitoka mbio kutoka bustanini, simu mkononi, uso mweupe.

"Mama! Nimepiga simu mara kumi na tisa!"

"Kinamasini haishiki," Zosė alisema.

"Nyamaza kwanza, Zosė," Marcelė alisema. Aliweka ndoo chini. Zote mbili zilikuwa zimejaa, na asubuhi alikuwa amepanga maneno ya kusema juu ya ndoo hizo, maneno ya kujisifu. Hakuyatumia. "Nimepotea, mwanangu. Nilifuata vitambaa vyangu vya uongo. Nimezama hadi gotini. Zosė amenitoa."

Vilija aliyajua vizuri mambo ya vile vitambaa. Kijiji kizima kilivijua. Alimtazama mama yake, akatazama buti yenye tope, akaanza kulia kwa hasira, kama alivyolia utotoni.

"Ungekufa, Mama."

"Ningeweza kufa, ndiyo."

"Na unaniambia hivihivi?"

"Ningekuficha, ungejuaje? Ndoo zimejaa. Zosė angeweza kuhongwa." Alimtazama Zosė. "Hakuhongeka, mshenzi huyu."

Waliingia jikoni. Vilija alimvua mama yake buti, akamsugua miguu kwa taulo mpaka ikawa myekundu. Zosė alikaa karibu na mlango bila kukaribishwa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile. Mwishowe yeye ndiye aliyeanza.

"Sikiliza, Vilija. Mimi si daktari. Leo njia ya kweli ameikumbuka. Ilimkatikia katikati, tukaisubiri, ikaja. Peke yake asingeisubiri, angekimbia huku na huku. Kwa hiyo asiwe peke yake. Mimi naamka saa kumi na moja, sina la kufanya ila kutazama bomba lake la moshi. Saa moja na nusu nisipoona moshi, navunja mlango. Nimetamani kuuvunja mlango huu tangu nilipoolewa."

"Ufunguo uko chini ya chungu," Marcelė alisema.

"Usiniharibie raha."

Vilija aliangalia ukutani, mahali ambapo karatasi ya daktari ilibandikwa: samaki, mboga, beri, kulala, kutembea, kuongea na watu. Alikuwa amekuja na maboksi matupu kwenye buti ya gari, na mama yake alikuwa ameyaona alipopita.

"Msituni peke yako, kamwe," alisema hatimaye. "Hata kuokota kuni."

"Kamwe."

"Nitaleta jiko linalojizima lenyewe."

"Lete."

"Sindano zinaendelea. Na Oktoba tunarudi kwa daktari. Akisema hali imezidi, tutazungumza upya, Mama."

"Tutazungumza," Marcelė alisema. "Siyo kuniambia. Kuzungumza."

"Kuzungumza." Vilija alipangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Sifungi nyumba mwaka huu."

Marcelė aliitikia kwa kichwa, akainuka, akaleta mabakuli matatu. Hakumwuliza mtu kama anataka.

Kesho yake, Jumapili, alfajiri ilikuwa ya baridi na mbingu safi. Marcelė aliamka kabla ya binti yake, akawasha jiko, akaponda beri nyekundu kwa asali, akala bakuli lake amesimama karibu na dirisha, pazia juu. Akajaza bakuli la pili, akalifunika kwa sahani, akatoka. Saa moja kamili alikuwa mlangoni kwa Zosė, akigonga kwa ngumi.

"Zosė! Moshi wako sijauona! Uko hai au nivunje?"

"Nimelala, wee mwanamke!" sauti ilijibu kutoka ndani. "Leo ni Jumapili!"

"Najua ni Jumapili," Marcelė alisema, akakaa kizingitini kumsubiri afungue.